UNEB (baraza la mitihani la Uganda) inatahini siku mbili. Rimu nyingine zote tunazobeba shuleni zinakwenda wapi?

Fundi_Riso (Kampala)

Wakuu, salamu kwenu.

Mimi ni mchapaji. Kibanda changu kiko Nasser Road, na anayeijua barabara hiyo anajua tunachapa kila kitu: kadi za harusi, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea. Lakini kinachonilipia pango mwaka mzima ni mitihani ya shule. Kwa hiyo ninayosema hapa yananigusa mfuko, na majirani zangu wakijua nani kaandika watanisema. Wacha waseme.

Chukueni barua ya mahitaji ya mtoto wa P.7, darasa la mwisho la msingi. Rimu mbili za karatasi, ufagio, sabuni, sukari, karatasi za chooni. Wazazi tunalalamikia sukari. Rimu tunanunua bila kuuliza. Haya, tupige hesabu: rimu moja ni karatasi 500. Darasa la watoto 90, kila mmoja na rimu mbili, ni karatasi 90,000 kwa muhula mmoja, na madaftari watoto wamejinunulia wenyewe. Zinakwenda wapi?

Zinakuja kwangu. Kuna mtihani wa kufungua muhula, wa katikati ya muhula, wa kufunga muhula. Katikati ya hiyo kuna seti za maswali za Jumamosi. Muhula wa pili yanaanza majaribio: ya shule yenyewe, ya umoja wa shule, ya wilaya. Halafu zipo seti za kununua, zinazotungwa na watu ambao kazi yao ni hiyo tu, na shule moja inaweza kununua kwa watunzi watatu wiki moja. Mwalimu analeta flashi jioni, anataka kazi alfajiri. Muhula wa tatu mashine ya riso, ya kurudufu karatasi, haipoi. Natoa masta (nakala mama) ya hesabu, naingiza ya sayansi, vijana wanapanga kurasa na kupiga pini mpaka usiku wa manane.

Sasa tazameni UNEB yenyewe. PLE, mtihani wa kumaliza msingi, ni masomo manne, siku mbili. Siku ya kwanza hesabu asubuhi na SST (maarifa ya jamii) mchana. Siku ya pili sayansi asubuhi, Kiingereza mchana. Basi, imekwisha, mtoto anarudi nyumbani. Tukikaa barazani kila mtu anailaumu UNEB kwamba inaua watoto kwa presha. UNEB imekuwapo tangu 1983 na ina lawama zake, lakini hii hofu wanayobeba watoto kuanzia Februari haikutungwa na UNEB. Imetungwa na sisi: shule, watunzi, wachapaji na wazazi tunaolipa.

Nawapa jambo moja nililoliona kwa macho. Mwalimu wa shule fulani, sitaitaja, aliniletea karatasi ya hesabu niichape. Juu pana jina, mkondo, tarehe, alama. Akaniambia niongeze kisanduku kidogo pembeni kiandikwe PUNGUFU. Nikamuuliza cha nini, alama si zipo hapo? Akacheka. "Mzee, hicho ndicho cha kiboko." Maana yake mtoto anapewa lengo, tuseme 90. Akipata 84, kwenye kisanduku inaandikwa 6, na sita hizo anazilipa kwa makalio. Sheria ya Watoto ilifanyiwa marekebisho mwaka 2016 na viboko shuleni vikapigwa marufuku. Marufuku ipo, na kisanduku kipo, kimechapwa kwa wino mweusi safi.

Na haya malengo yanatoka wapi? Hapo ndipo penye biashara. Kila somo la PLE linapewa daraja kuanzia D1 (inahesabiwa 1, ndiyo bora) mpaka F9 (inahesabiwa 9), unajumlisha manne, unapata agregeti. Bora kabisa ni 4. Serikali inasema kuanzia 4 mpaka 12 ni daraja la kwanza. Yaani mtoto aliyepata C3 katika kila somo yuko daraja la kwanza, nchi inamwambia hongera. Lakini zile sekondari ambazo kila mzazi wa Kampala anazitaka zinachukua kuanzia juu kabisa, na mwaka nafasi zikibana, mtoto wa 8 anaambiwa atafute kwingine. Mpwa wangu alipata 9. Daraja la kwanza! Nilivyofika nyumbani kwa dada yangu nilidhani kuna msiba: watu wamekaa kimya, mtoto kajifungia chumbani, na mama yake anawaambia wageni "tunashukuru Mungu hivyo hivyo."

Januari ndiyo mavuno. UNEB haitoi orodha ya shule ya kwanza mpaka ya mwisho, magazeti ndiyo yanayozipanga. Mnaona zile picha, watoto wamebebwa juu juu, walimu wanacheza. Ukurasa unaofuata ni tangazo la shule ile ile: watoto wetu 60 wamepata 4, nafasi za P.4 mpaka P.6 zipo, fika mapema. Mtoto wa P.7 amekuwa bango. Yule anayeharibu bango anaambiwa arudie P.6, au anasajiliwa kituo kingine cha mtihani ili matokeo yake yasihesabiwe na ya wenzake. Walimu mliomo humu mnajua ninachosema.

Nataka kusikia kwenu. Shuleni kwa mtoto wako wanafanya mitihani mingapi kwa muhula? Hesabu karatasi zilizorudi nyumbani, uje useme.

Bodaboda_Wandegeya

Mzee umejichoma mwenyewe 😂 kesho walimu wanahamia kwa jirani yako.

Mimi nabeba watoto wa shule asubuhi. Kuna mmoja wa P.6, saa kumi na moja na nusu alfajiri, amelala mgongoni kwangu nimemfunga na kitenge cha mama yake asidondoke. Kwenye matuta ndipo anaamka, anaanza kutaja sehemu za ua. Banange. Sehemu za ua, giza bado.

Mwl_Koboko

Fundi, nimekusoma mpaka mwisho na mengi ni kweli, ila umeandika kuhusu Uganda moja. Zipo mbili.

Mimi nafundisha shule ya UPE, ile elimu ya msingi bila ada, huku West Nile. Tangu 1997 mlango ulipofunguliwa watoto walijaa, na bado wamejaa. Hizo rimu mbili kwa mtoto? Kwangu rimu ni ya shule nzima na naifungia kabatini. Mtihani wa katikati ya muhula naandika ubaoni, watoto wananakili maswali kwanza ndipo wajibu, na kengele inalia wengine wako swali la tano. Hapa mtoto hana hofu ya kupata 8 badala ya 4. Hofu yake ni nyingine: ni msichana, ana miaka 14 au 15, na anajua akianguka PLE kuna mtu ameshaanza kuulizia mahari. Au ni mvulana ambaye mjomba anamngoja kwenye shamba la tumbaku.

Ndiyo maana nikisikia watu wa mjini wanasema tufute mtihani nashtuka. Karatasi ya UNEB ndiyo kitu pekee ambacho mtoto wangu na mtoto wa Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, wanapewa sawasawa. Vitabu si sawa, walimu si sawa, chakula cha mchana kwangu wengi hawali kabisa. Karatasi ni ile ile, na msahihishaji hajui huyu ni wa nani. Ukiondoa hiyo ukaleta mahojiano na barua za mapendekezo, nani atampendekeza mtoto wa Koboko?

NesiBombo

Asalaam aleikum. Naongea kama nesi, siyo mwalimu.

Muhula wa tatu tunaletewa watoto wa P.7 na S.4 (kidato cha nne) wakilalamika kichwa, tumbo, kichefuchefu. Jambo la kwanza kila mtu analofikiria ni malaria, na ni sawa, lazima wapimwe. Kipimo kinatoka hakuna kitu. Mlezi wa bweni anasisitiza apewe dawa tu arudi darasani. Wiki inayofuata yuleyule karudi. Ukimtoa mlezi nje ukauliza taratibu, "una mtihani lini?", machozi. Wapo wa miaka 12 walioanza tena kukojoa kitandani, na bwenini hilo ni janga lingine kwa sababu wenzao wanajua.

Mtoto huyo haigizi. Mwili ukiogopa unamwaga adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza, mikono inatoka jasho. Hofu kidogo inamfanya mtu aamke asome, jambo la namna hiyo watafiti Yerkes na Dodson waliliona kwa panya tangu 1908. Ikizidi inageuka. Ile sehemu ya akili ambayo mtoto anatakiwa kushikia namba wakati anapiga hesabu inajaa mawazo ya "nikianguka itakuwaje". Ndiyo maana anaijua kazi Jumatatu, Jumanne mbele ya karatasi haioni.

Halafu usingizi. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12, na kijana saa 8 mpaka 10. Ratiba za mabweni ninazoziona: taa zinazimwa saa nne usiku, kengele ya kwanza saa kumi alfajiri. Hizo ni saa sita. Na kile alichosoma mchana ubongo unakipanga wakati amelala. Shule inamkatia usingizi ili ajue zaidi, kumbe inafuta alichokwisha jua. Hili nimelisema kwenye mkutano wa wazazi, mwalimu mkuu akanijibu kwamba shule jirani wanaamka saa tisa.

Kwa mzazi anayesoma: mtoto akianza kukosa usingizi, kuacha kula, kujitenga, au kusema maneno ya kutotaka kuishi, usingoje mtihani upite. Nenda kituo cha afya, ulizia huduma ya afya ya akili, usione haya. Iko pia simu ya watoto ya Sauti, namba 116, haikatwi pesa, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Na dawa moja ya bure: mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Ramirez na Beilock, waliwaambia wanafunzi waandike hofu zao kwenye karatasi kwa dakika kumi kabla ya mtihani. Waliokuwa na hofu sana ndio waliofaidika zaidi. Karatasi moja hiyo, Fundi, haihitaji riso.

Niko_S6

Shikamooni. Niko likizo, natumia simu ya mama, nitaandika haraka.

Mimi ni wa kundi lililofanya PLE 2019. Tukaingia S.1 mwaka 2020, Machi shule zikafungwa kwa ajili ya korona, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Halafu tukawa wa kwanza kufanya UCE (mtihani wa S.4) ya mtaala mpya, 2024. Tuliambiwa huu ni mtaala wa uwezo, hakuna tena kukariri, asilimia 20 inatoka kwenye kazi zetu za darasani na mradi, 80 inatoka UNEB. Mwaka wa kwanza ilikuwa raha kweli, tulitengeneza sabuni, tulikwenda sokoni kuuliza bei. Kufika S.3 zile kazi za darasani zikageuka mitihani midogo midogo, kila wiki, kila somo, kwa sababu mwalimu anatakiwa apeleke alama. Badala ya kuogopa mara moja tunaogopa kwa mafungu.

Matokeo yalitoka Februari 2025, herufi A mpaka E, hakuna agregeti wala daraja. Kesho yake watu walianza kuhesabu nani ana A nyingi.

Sasa hivi naangalia chuo. Serikali inadhamini wanafunzi 4,000 hivi kwa mwaka. UACE (mtihani wa S.6) ya 2024 ilikuwa na watahiniwa zaidi ya 140,000. Baba alikaa na peni akanipigia hiyo hesabu mezani, nadhani alidhani ananitia moyo.

Lakini mtihani wenyewe hauniumizi kama simu za ndugu. Shangazi akipiga hasemi hujambo. "Ulikuwa wa ngapi?" Mama anajibu kwa niaba yangu, anapunguza nafasi tatu hivi. Nikisikia anapunguza ndipo najua kwamba nilipo hapatoshi.

MamaBusia

Niko_S6 mwanangu, usome lakini ulale. Na huyo shangazi mpe simu mama amalizane naye.

Sisi wa mpakani tunaona pande zote. Ng'ambo ya pili Kenya wamemaliza KCPE, mtihani wao wa kumaliza msingi, watoto wa mwisho walifanya 2023. Tanzania, Januari 2023 NECTA, baraza lao la mitihani, walitangaza kwamba hawatataja tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Sisi bado tunabeba watoto juu juu gazetini. Sisemi kwa majirani kumekuwa pepo, wateja wangu Wakenya wanahangaika vilevile na nafasi za shule nzuri. Ila angalau lile gwaride wamelipunguza.

Kuhusu swali la Fundi: nimekusanya karatasi za kijana wangu wa P.7 chini ya kitanda. Muhula huu pekee zimejaza mfuko wa kilo kumi wa unga wa posho. Nilikuwa nawashia sigiri.

Fundi_Riso

Nimesoma zote. Mwalimu wa Koboko, nakuvulia kofia, na naomba nieleweke: sikusema tufute PLE. Nilisema kinyume chake. Karatasi moja ya UNEB, sawa kwa wote, ibaki. Ninayoilalamikia ni misururu inayokuja kabla yake, na hiyo siyo sawa kwa wote hata kidogo. Anayenunua seti kwa watunzi watatu ni shule ya mwenye pesa. Wewe unaandika ubaoni. Kwa hiyo hata ule usawa unaousema, hawa wanaununua wakati wewe umefunga rimu kabatini.

Na namba zinakuunga mkono kuhusu ukubwa wa hofu. PLE ya 2019 iliandikisha watoto karibu 700,000. Kundi hilo hilo la Niko_S6 lilipofika UCE 2024, nchi nzima watahiniwa hawakufika 400,000. Wengine wako wapi? Wapo walioolewa, wapo kwenye boda, wapo shambani. Mtoto anaiona hiyo hesabu kijijini kwake bila kuambiwa na mtu. Nesi anaweza kumfundisha kupumua taratibu, lakini kama nyuma ya PLE hakuna shule ya ufundi iliyo karibu wala ada ya S.1, ana haki ya kuogopa.

Kwa wa mjini hali ni tofauti. Mtoto wa 9 ana shule hamsini za kumpokea. Anayemwogopesha ni sisi, na sisi tunaweza kuacha wiki ijayo bila kungoja bunge.

Mimi nimeshaamua mambo mawili. Kisanduku cha PUNGUFU sichapi tena, nimeshamwambia yule mwalimu, akaenda zake. Na mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu naenda na barua ya mahitaji mkononi. Nitauliza swali moja tu: rimu hizi ni za mitihani mingapi, na nani aliipitisha? Wakisema kumi na mbili, nitaomba iwe minne. Mchapaji anaomba achape kidogo, nadhani watanisikiliza hata kwa mshangao.

Bodaboda_Wandegeya

Mzee wakikufukuza kwenye mkutano nipigie, nakutoa bure.

Mwl_Koboko

Sawa Fundi, hapo tumeelewana. Ila usiombe minne, omba mitatu, watakupa minne.

Na zile karatasi zilizochapwa upande mmoja zikaharibika, usitupe. Kuna gari linakuja Arua kila Ijumaa, nitakutumia jina la dereva inboksi. Upande wa pili unanitosha.

MamaBusia

Wizara si imewahi kutoa waraka wa kukataza masomo ya likizo? Mwenye nakala aiweke hapa. Shuleni kwetu wametuandikia P.7 warudi wiki mbili kabla ya muhula, na mkutano ni Jumamosi saa nne.

NesiBombo

Ninayo, imepigwa picha kwenye simu. Naituma usiku nikitoka zamu.